Mama Alituchanja

Macho ya kaka yangu yaligeuka manjano nikiwa na mimba ya miezi sita, na Kawangware nzima ikajua ni pombe. Hakuna aliyeuliza. Mtu akiwa na macho ya rangi hiyo na tumbo limeanza kujaa, mtaa huwa umeshaamua: huyo amekunywa chang'aa mpaka ini limekataa. Kaka yangu ni fundi wa kuchomelea milango ya chuma, mtu wa kanisa, mtu ambaye hata soda ukimpa anauliza kama ni lazima. Pombe hajawahi kuonja. Jirani yake mmoja alinisimamisha nikiwa nimebeba uji wa mgonjwa, akaniambia, "Mwambie aache kikombe, bado ni kijana." Mimi hasira zangu ziko karibu, wanaonijua wanajua. Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na uji ukamwagikia viatu vyake, na sikumwomba msamaha.

Hospitalini walimtoa damu, wakampiga picha ya tumbo, kisha daktari akatuita ndani mimi na mama. Alisema ni homa ya ini, ile aina ya B. Virusi vilikuwa vimekaa humo miaka mingi, pengine tangu utotoni, na ini lilikuwa likivimba na kujiponya, likivimba na kujiponya, mpaka likabaki na makovu. Nikamwuliza inawezekanaje mtu awe mgonjwa tangu utotoni na kila siku anabeba vyuma.

"Ini halilii," daktari alisema. "Tumbo litakusumbua, jino litakukesha. Ini linanyamaza mpaka lichoke kabisa."

Kisha akaangalia tumbo langu. Alisema sisi tuliotoka tumbo moja lazima tupimwe, na mimi nisingoje, kwa sababu mama mwenye ugonjwa huo anaweza kumpa mtoto siku ya kujifungua. Na mtoto mchanga akiupata, mara nyingi haumtoki tena. Anakua nao, anacheza nao, anaenda shule nao, halafu siku moja akiwa mtu mzima macho yanageuka rangi.

Nilitoka pale nikiwa nimeshika tumbo kwa mikono miwili. Ilikuwa mimba yangu ya kwanza, na nilikuwa nimeingoja kwa miaka ambayo mama mkwe alikuwa ameihesabu kwa sauti.

Kesho yake nilikwenda kliniki ya wajawazito kwetu Lindi, huku ndani ya Kibera, mama akanisindikiza. Foleni ilikuwa ndefu na muuguzi alikuwa peke yake. Nilimweleza habari za kaka, naye akauliza akiandika, bila kuinua kichwa, "Umechanjwa?"

Kabla sijafungua mdomo mama akajibu. "Amechanjwa. Wote wawili niliwachanja wakiwa wadogo."

Muuguzi akamtabasamia mama kama bibi yake. "Basi shosho umetusaidia. Aliyechanjwa analindwa." Akasema vipimo vyenyewe vilikuwa vimeisha, vingekuja wiki inayofuata, lakini nisihangaike kuzunguka Nairobi nikivitafuta. Alinipa dawa za kuongeza damu akaita mwingine.

Nilirudi nyumbani nikiimba. Mtu mwenye hofu hahoji habari njema. Hakuna hata mmoja wetu watatu aliyejiuliza kwamba kama wote wawili tulichanjwa, kaka yangu ugonjwa aliupata wapi.

Jumapili baada ya kanisa nikaenda Kawangware kumwona. Mke wake alikuwa ameshamtengea kikombe chake na kijiko chake, ingawa daktari alisema wazi kwamba ugonjwa huu hauji kwa kijiko, unapita kwa damu na kwa mambo ya kitandani. Nilikuwa nimejiandaa kumfokea wifi kuhusu hicho kijiko. Mama alikuwa anamkanda kaka kwa kitambaa cha maji ya moto, kaka akiwa amevua shati. Chini ya mbavu zake za kushoto kulikuwa na alama ndogo ndogo zimepangwa safu, nyeusi, za zamani. Wifi akauliza ni za nini.

"Hapo ndipo nilipomchanja," mama alisema.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikasogea karibu.

Mama akaendelea kusimulia huku anakamua kitambaa, kwa raha ya mtu anayekumbuka kazi aliyoifanya vizuri. Tulikuwa Kitui, sisi wawili wadogo, homa haishuki, bandama imevimba mpaka tumbo limekaa upande mmoja. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya mto na mto ulikuwa umejaa. Akamwita mama mmoja wa dawa. Yule mama akamchanja kaka kwanza, akapaka dawa nyeusi kwenye mikato, halafu akanichanja mimi.

"Kwa wembe gani?" nikauliza.

"Wembe mpya! Niliununua mwenyewe dukani na nikaufungua mbele ya macho yake. Mimi si mshamba."

"Mmoja?"

"Mmoja. Kwani mlikuwa wangapi?"

Niliingiza mkono chini ya blauzi. Zangu zipo, nimeishi nazo, nazijua kama ninavyojua kovu la goti. Nilizoea kuziita alama za bandama, na siku ile kliniki sikuzikumbuka kabisa, kwa sababu nilisikia neno nililotaka kulisikia. Muuguzi mwenye sindano huchanja. Mwenye wembe na dawa ya majani naye huchanja. Sisi tuna neno hilo moja kwa yote mawili, na mama hakudanganya hata chembe. Aliulizwa swali akalijibu. Sindano inayozuia ugonjwa huu hatukuwahi kuiona. Tulichoona ni wembe uliotoka kwenye damu ya kaka, popote alipoupata ugonjwa, ukaingia kwenye yangu.

"Mama," nikasema, "ulitugawia ugonjwa kama unavyogawa chai."

Kitambaa kilimdondoka. "Mlikuwa mnakufa," alisema. "Ulitaka nikae chini niwatazame?"

"Na huyu aliye tumboni, naye umemgawia?"

"Siz," kaka akasema kutoka kitandani, sauti yake ndogo. "Wachana na mama."

Sikuwachana naye. Nilisema mengine. Mama aliokota kitambaa, akakichovya tena kwenye maji, akaendelea kumkanda kaka bila kuniangalia. Najua maneno yangu yalimkata maini, na siku ile nilitaka yamkate.

Jumatatu nilikuwa wa kwanza kwenye mlango wa kliniki. Nilipoitwa sikueleza chochote, niliinua blauzi tu. Muuguzi akainama, akatazama, akashika mdomo.

"Hii ndiyo chanjo aliyosema shosho?"

"Ndiyo hiyo."

Vipimo vilikuwa vimefika. Akanichoma kidole, akadondosha damu kwenye kijiti bapa cha kupimia, akakiweka mezani katikati yetu. Alinieleza: mstari mmoja ni salama, mistari miwili ni ugonjwa. Ule wa kwanza ulitokea haraka. Nikaitazama nafasi iliyobaki nyeupe chini yake, na mtoto akageuka tumboni, na nikamwambia kimoyomoyo atulie, mama yako anaangalia kitu. Nafasi ikabaki nyeupe. Nikaanza kupumua. Kisha kukatokea kitu hafifu hafifu, nikadhani ni kivuli cha mkono wangu. Nikauondoa mkono. Hakikuondoka.

"Pole, mama," alisema. "Uko nayo."

Alisema kwa upole, lakini kuta za kliniki ile ni mabati, na Kibera ukisema mtu "ako nayo" kuna ugonjwa mmoja tu unaofikiriwa. Nilipotoka, wanawake kwenye benchi walinisogezea nafasi pana kuliko niliyohitaji. Nilisimama mbele yao nikawaambia, "Ni ya ini. Ni ini. Na nyinyi mlio na alama za wembe mwilini, ingieni mpimwe badala ya kunikodolea macho." Mmoja alivuta gauni kufunika kifundo cha mguu.

Nikatumwa hospitali kubwa kupimwa zaidi, maana kile kijiti kinasema tu kama ugonjwa upo. Hakisemi unafanya nini. Walinitoa damu ya kuangalia kama ini linaumia na nyingine ya kuangalia wingi wa virusi. Majibu yalikuja nusu kwa nusu: ini langu lilikuwa bado zima, lakini virusi vilikuwa vingi sana. Nikaanzishiwa kidonge cha kila siku cha kuvipunguza kabla ya kujifungua. Mume wangu alipimwa, hakuwa nao, akapewa sindano zake. Yeye ni Mluhya wa maneno machache. Alisema tu, "Sasa tunajua tunapigana na nani," akarudi kwenye kazi yake ya useremala.

Lakini maneno ya daktari ndiyo niliyolala nayo na kuamka nayo. Kidonge peke yake hakitoshi. Mtoto achomwe chanjo ya kweli mara tu akizaliwa, saa za kwanza, siku isiishe. Akingojea ile ya wiki sita ambayo watoto wote huchomwa, atakuwa amechelewa.

Uchungu ulinianza asubuhi. Mtoto alizaliwa kabla ya saa sita mchana, msichana, analia vizuri. Kabla hawajanifuta jasho nikauliza sindano iko wapi. Muuguzi wa zamu akasema ipo kwenye friji, na friji imefungwa, na mwenye ufunguo ametoka.

"Atarudi saa ngapi?"

"Atarudi tu, mama. Pumzika. Hata wiki sita atachomwa."

Nilijaribu kuteremka kitandani. Miguu ilikataa. Nilipaza sauti mpaka wodi nzima ikanyamaza, na muuguzi akanitazama kama mtu aliyechanganyikiwa na uzazi, na kadiri nilivyopiga kelele ndivyo alivyozidi kuamini hivyo. Jua lilikuwa limehama dirisha moja kwenda lingine. Mume wangu alikuwa njiani. Mtoto alikuwa amelala kifuani kwangu na nilikuwa naogopa hata kumgusa.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya ukuta. Tangu ile Jumapili tulikuwa tunasalimiana tu. Akainuka, akafunga leso yake vizuri kiunoni, akatoka bila kusema anakwenda wapi.

Baadaye nilisimuliwa na wengine. Aliingia kila mlango uliokuwa wazi na kubisha kila uliofungwa. Aliuliza jikoni, kwenye stoo, kwa walinzi wa geti. Mama alimkuta mwenye ufunguo kwenye kibanda cha chakula nje ya hospitali, akiwa na sahani ya githeri mbele yake. Mama hakumfokea. Alisimama mbele yake akisema, "Mwanangu, naomba twende," na akayarudia maneno hayo hayo mpaka yule dada akaacha githeri. Niliwaona wakiingia wodini wameshikana mikono, na ilikuwa wazi ni nani aliyemshika mwenzake. Mama ndiye aliyemshikia mtoto mguu alipochomwa. Alifunga macho sindano ilipoingia.

Sindano nyingine zilifuata kwenye tarehe zake, na hatukukosa hata moja. Lakini jibu lenyewe huwezi kulipata mapema, lazima mtoto akaribie mwaka. Kwa hiyo nilimnyonyesha, nikamwona akiota meno, akitambaa kuelekea kwenye jiko, na kila asubuhi nilimpeleka mlangoni kwenye mwanga nikamtazama weupe wa macho. Kaka alianza dawa, manjano ikamtoka, akarudi kwenye kazi nyepesi. Makovu ya ini yamebaki na daktari anamwita mara kwa mara.

Siku ya kumpima mtoto mama alikuja nasi. Muuguzi alikuwa yule yule wa Lindi. Mtoto alilia kidole kilipochomwa, kisha akanyamaza akataka kukivuta kile kijiti. Tulikiangalia sisi watatu. Mstari mmoja. Tukangoja. Mstari mmoja. Muuguzi akakigeuza kwenye mwanga, akakirudisha, akasema, "Hana." Nililia bila kujificha, kamasi na yote.

Mama hakulia. Alivuta kiti mbele akaweka kidole mezani. "Na mimi nipime," alisema.

Hatukuwa tumewahi kumpima. Muuguzi akamchoma. Mama aliinamia kile kijiti akasubiri huku midomo yake ikienda, na nilijua anaomba. Ukatokea mstari mmoja, na wa pili haukuja.

"Shosho, uko salama kabisa," muuguzi alisema. "Huna."

Mama aliendelea kukitazama. "Nilikuwa naomba iwe miwili," akasema.

"Mama, kwa nini?"

"Ingekuwa miwili, labda mliupata tumboni mwangu mkizaliwa, si kwenye wembe wangu. Damu mtu hajichagulii."

Muuguzi alijaribu kumweleza kwamba hilo halithibitishi kitu, kwamba mtu mzima anaweza kuupata na mwili ukaufukuza bila yeye kujua. Mama aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, wala hakuwa anasikia. Nikampa mtoto ambebe. Alimpokea kwa mkono mmoja, ule mwingine bado ulikuwa umebana pamba.