Barua Iliyoninyima Budapesti

Siku niliyoamriwa kumchongea mwanafunzi wangu, ndiyo siku niliyoikuta barua iliyonichongea mimi.

Ilikuwa Sverdlovsk, Urusi ya Kisovieti, mwaka 1974. Zamani nilikuwa bingwa wa sataranji, moto wa kuotea mbali. Nikawa kocha, kisha wakanipa ukuu wa sataranji wa mkoa.

Kiti chenyewe ni mtego. Unasaini, unagonga mihuri, huchezi tena.

Bosi wangu, Ndugu Bessonov, akaingia na kufunga mlango.

"Huyo Rimma wako haendi mashindanoni Budapesti. Andika kwamba haaminiki, akitoka nchini hatarudi. Ataenda binti wa shemeji yangu."

"Ila Rimma ndiye aliyeshinda mchujo."

"Nimekuuliza nani kashinda? Kesho saa nne nataka karatasi. Ukigoma, ya kwako naandika mimi."

Nikanywea. Mke, watoto wawili, nyumba ya serikali. Ningekimbilia wapi?

Nikashuka chumba cha majalada kuchukua faili la Rimma. Kwenye kabati lile lile nikaliona la kwangu.

Miaka kumi na moja nyuma nilibaniwa safari kama hiyo hiyo ya Budapesti. Nilijua fika mbaya wangu nani: kocha wangu, mzee Naumovich, maana kibali kilipitia kwake. Tangu hapo sikumpa salamu. Tukikutana kwenye foleni ya mkate, nageuza uso.

Nikalifungua faili langu.

Naumovich alikuwa ameniombea ruhusa mara tatu. Mara ya tatu aliandika: "Asiporudi, nikamateni mimi."

Chini yake kulikuwa na barua ya mkono. "Mwanangu akitoka hatarudi. Nawaomba msimruhusu."

Mwandiko wa mama yangu.

Nikaichomoa ile barua, jioni nikamkuta jikoni kwake anakatakata kabichi. Nikaiweka mezani. Akaitazama, kisu kikasimama.

"Baba yako naye aliniaga anarudi Jumanne," alisema. "Hadi leo. Nilikuwa nimebaki na wewe tu."

"Mama, miaka yote hii namnunia mzee wa watu, na wewe unaniona."

"Nilikuona. Sikujua nianzie wapi."

Nikatoka bila kula.

Kesho yake saa nne nikampelekea Bessonov karatasi. Rimma anaaminika, nimeandika, na asiporudi nikamatwe mimi. Nakala nilishaituma Moscow kwa posta.

Akaisoma mara mbili. "Umejimaliza, Lopatin."

"Najua."

Wiki ile ile kiti kikaenda. Rimma naye, kwa idhini ya Moscow, akaenda, akashika nafasi ya tatu, akarudi. Mimi nikapelekwa kufundisha kwenye klabu ya kiwanda, chumba kimoja, dirisha moja. Mpaka nastaafu sikuwahi kuvuka mpaka wa nchi.

Jumapili ya wiki ile ya kupoteza kiti nikagonga kwa Naumovich. Akanitazama weee.

"Umekuja kuomba msamaha au kucheza?"

"Vyote, mwalimu."

"Basi anza na msamaha. Kwenye kucheza nitakufunga tu."

Alinifunga kweli.

Msomaji wangu, kabla hujamnunia mtu, muulize. Mimi swali moja lingenitosha, na mzee alikuwa anakaa ng'ambo ya barabara tu.