Plan ya Maternité Kwenye Karatasi Moja

Kahongya alizaliwa ku Musienene, kwenye batu banalima viazi na maharagi, lakini mikono yake ilikataa jembe ikapenda kalamu. Miaka makumi mbili alichora plan za manyumba kwa mukono, ku Kimemi, mu chumba kimoja pembeni ya soko. Kila fundi wa Butembo alijua: plan ya Kahongya, hauna haja ya kuuliza. Unaweka lati, rula ya kupimia, juu ya karatasi, sentimetre moja ni metre moja, unachimba. Yeye mwenyewe njo alibazoeza hivyo.

"Namba ni za kupendezesha," alikuwa anabaambia. "Weye pima tu."

Mu mwaka wa 2002, wakati njia ya Beni ilikuwa na barrière ya askari karibu ku kila mulima, mufanyabiashara mumoja alileta ordinateur, mashini ya kompyuta, kutoka Dubai. Kahongya akajifunza kuchora ndani yake. Mistari ilinyooka kuliko ile ya mukono wake, na hiyo ilimuuma kidogo, ikamufurahisha mingi. Shida ilikuwa moja. Imprimante ya pale, ile mashini ya kuchapa, ilikula karatasi za A4 tu, zile za barua. Plan kubwa ilitoka vipande vipande, na unaiunganisha na scotch, utepe wa gundi.

Ku Beni, maternité ya mutaa ilikuwa imechomwa mu vita. Komite ikakusanya simenti na mabati ya kuijenga tena, ikaomba Kahongya plan. Mama Orpa, mukunga wao, akaomba kitu kimoja tu: kolowari, njia ya kati ya vyumba, iwe pana, kipoyi kipate kugeuka. Kipoyi ni kile kitanda cha miti chenye batu bane banabeba na mabega, sababu bamama bengi banatoka mbali, ku mashamba, na barabara hakuna. Wa kujenga alikuwa Salomon, fundi mwenye Kahongya alimupenda kama mudogo wake wa tumbo moja.

Plan ya kwanza, karatasi mbili na scotch katikati, Yassini, mushofere wa njia ya Beni, aliipeleka mu lori yake. Ku barrière askari mumoja akaifungua.

"Hii ni carte, ni ramani ya vita."

"Chef, ni nyumba ya kuzalia batoto."

"Na barua gani hii inashonwa katikati?"

Bakaipasua. Yassini bakamukalisha ku jua siku mbili. Aliporudia Butembo, alisimamisha lori mbele ya chumba cha Kahongya bila kuzima moteri.

"Muzee, nikufe juu ya mistari? Unipe karatasi moja tu, kama ile bibi anaandikia bwana yake. Kama hapana, beba mwenyewe na kichwa."

Kahongya akaambia mashini ikaze plan yote mu karatasi moja. Mashini haikubisha. Ikapunguza kila kitu: penye ilikuwa sentimetre kumi, ikawa saba. Namba zikawa kadogo kama mayai ya chawa, na wino, wenye balikuwa banaongeza na sindano, ukazimwangikia. Lakini chini mu kona, maneno yalibaki vile vile: Échelle 1/100, kile kipimo cha sentimetre moja kwa metre moja. Inje Yassini alipiga klaksoni. Kahongya akakunja karatasi, akamupa.

Siku ya pili, akiwa anakula, ile kona ya karatasi ikamurudilia mu kichwa. Mistari ilipungua, échelle hapana: Salomon atapima uongo. Paroisse ilikuwa na phonie, redio ya kusemea mbali, na kila asubuhi ilikuwa inasemezana na Beni. Angeenda, aseme maneno machache: Salomon, hapana pima, soma namba, na zenye hauone uniulize. Lakini ku phonie kila mutu anasikia, padri, bafanyabiashara, hata bale ba ku barrière. Batasema mutu wa ordinateur amekosea kitu chenye mutoto wa masomo anajua. Akajiambia, Salomon ataona mwenyewe. Akamaliza fufu yake.

Salomon hakuona. Alipima vile alizoezwa. Vyumba vilipotoka vidogo, alisema Yaya Kahongya, mukubwa wake, anajua sababu. Karibu nusu ya mabati ilipobaki, alisema Yaya amehurumia komite. Akayapeleka ku lupango yake mwenyewe, kiwanja cha kwake, sababu ku chantier, penye kujengea, askari balikuwa banapita kila siku na kuokota.

Siku ya kufungua maternité, kipoyi cha kwanza kikaingia mu kolowari na kukwama ku kona. Batu bane bakasukuma, bakavuta, mwenye mimba analia juu. Mama Orpa akapima kolowari na mikono yake, akauliza komite vifaa vilienda wapi. Bakatafuta, bakayakuta mabati ku lupango ya Salomon. Hakuna mwenye alimungoja aeleze. Askari bakamutia mu shimo lao la gereza.

Yassini njo alileta ile habari Butembo. Kahongya hakukaa. Akatosha tena plan mu imprimante kwa karatasi mbili, akaizungusha ku tumbo chini ya shati, akapita barrière zote hivyo, anatoka jasho. Ku Beni akaenda moja kwa moja ku bureau ya commandant. Akatandika karatasi mbili juu ya meza, na pembeni ile moja yenye Salomon alijengea, yenye askari balikamata pamoja naye. Akaweka lati.

"Chef, ona kolowari. Hapa ni milimetre kumi na tano. Huku ni kumi na kidogo. Salomon hakuiba hata musumari."

"Kwa hiyo karatasi njo iliiba."

Askari bakacheka.

"Ni miye, chef. Nilijua, nikanyamaza. Mufunge miye."

Commandant akasukuma karatasi pembeni. Mabati ya maternité ilikuwa imepangwa nyuma ya bureau yake. Kahongya aliiona akiingia. Kama mwizi hakuna, mabati inapaswa kurudi.

"Nikufunge weye," commandant akasema, "kisha nani atanichorea nyumba? Weye utachora, huyu wako atajenga. Akimaliza, aende kwake."

Salomon alitoka mu shimo amekonda, macho yanakataa mwangaza. Kahongya akamueleza yote, hakuficha hata ile phonie. Salomon alisikiliza mupaka mwisho, kisha akauliza tu msingi utaanza siku gani.

Kahongya akazunguka pia ku bamemba ba komite, mumoja mumoja, na karatasi zake. Balimupa kiti, balimupa maji ya kunywa. Wizi, mutu anauelewa mbiyo. Échelle, hapana.

Nyumba ya commandant ilitoka sawa, haikukosa hata sentimetre moja. Siku ya kuweka ile mabati ya maternité, Salomon alikuwa juu anapigilia, Kahongya chini anamupatia misumari, na Mama Orpa akapita mu barabara. Akasimama, akahesabu mabati na macho. Kahongya akamukimbilia na kuanza tena kueleza.

"Papa Kahongya," Mama Orpa akasema polepole, "ile ya makaratasi miye sijue. Leo asubuhi tumeshusha mama mwengine ku kipoyi mbele ya baraza, mvua inamunyeshea, akaingia na miguu yake. Mutoto hatukumupata."

Akaendelea na njia yake, hakuinua tena macho ku paa.

"Amesema nini?" Salomon akauliza kutoka juu.

"Amekusalimia," Kahongya akajibu, akamupatia musumari mwengine.