Mtoto Niliyemwombea Makole

Usiku wa manane nilisikia sauti ya mpangaji mwenzetu hapa Makole, mzee Mwitaliano, ikipenya ukutani. Alikuwa anaongea na simu kwa Kiingereza: mtoto lazima afe, afe kabla ya mvua. Nilimkumbatia mwanangu, sikulala tena, na kulipokucha nikambeba mgongoni, begi mkononi, tuhame. Mzee nikamkuta uani.

"Shikamoo," nikasema, maana woga haufuti adabu. "Jana nimekusikia. Ni mtoto gani huyo anayetakiwa afe?"

Akaweka kikombe chini. "Marahaba, binti. Ni wa kwenye filamu. Ndiyo kazi yangu, zamani riwaya za mauaji, sasa naandikia sinema."

Wala sikucheka, niliangua kilio. "Basi naye asife, babu! Si ana mama?"

Akamtazama wangu, ananyonya kidole. "Nimeua watu tangu ujana, vitabuni na kwenye sinema, nikapigiwa makofi. Hajawahi kuja mtu kumwombea hata mmoja."

Jioni akagonga mlango wangu. "Ataishi. Ila filamu haijatoka, usimwambie mtu."

Nimewaambia ninyi wasomaji tu, maana jambo hili lilinielemea. Mwingine simwambii, naapa.