Kanzu Nyeupe Jirani na Tanuri

Jua la Zinga ndiyo kwanza linachomoza, na Mtoro Abdulrazak yuko juu ya ngazi ya chuma, anazibua matundu ya kunyunyizia maji kwa sindano ya cherehani. Chini yake tanuri la kuyeyushia vyuma chakavu linasubiri. Mpaka ashuke ndipo liwashwe.

"Tundu likiziba, vumbi limepata njia," anasema.

Mnara anaouhudumia kazi yake ni kuosha moshi. Moshi wa tanuri unapita katikati ya manyunyu, matone yananasa vumbi laini, na vumbi linashuka likiwa tope.

Zamani vumbi hilo liliingia majumbani, na kwa Mtoro likaingia kifuani mwa mama yake. Bi Mize ana pumu. Miaka miwili iliyopita alihamia Fukayosi kwa bintiye, Zuhura, na Mtoro akabaki na fundo rohoni.

"Nilikuwa nakula kwa tanuri lile lile lililomfukuza mama yangu. We fikiria mwenyewe."

Mnara uliposimikwa mwaka huu, ukatoa wingu zito jeupe. Majirani wakajazana getini: jamani, si bora ule mweusi! Mtoro akawaeleza kuwa ule ni mvuke tu, kama wa sufuria ya wali. Nani wa kumsikiliza? Habari zikafika Fukayosi, na Bi Mize akapiga simu.

"Mwanangu, hapo sirudi."

Kiwanda kilikuwa na vipimo vyake vya hewa, lakini vipimo havimtulizi mtu aliyewahi kukosa pumzi. Basi Mtoro akamwomba mkewe, Zuwena, afue kanzu yake ya Ijumaa na kuianika uani, panapopigwa na upepo wa kiwandani. Mtaa ule hakuna aliyekuwa akithubutu kuanika cheupe tanuri likiwaka.

"Nilikuwa naichungulia kila saa, kama niliyeinjika maziwa," anacheka Zuwena.

Alasiri Zuwena akaianua. Akapitisha kiganja mabegani, ambako masizi hutua kwanza. Kiganja kikatoka safi. Mtoro, mtu mzima na ndevu zake, akalia.

Bi Mize aliposimuliwa habari ya kanzu, akaja wiki iliyopita, kujaribu tu. Usiku analala fofofo. Jioni anakaa barazani, khanga mabegani, si puani tena.

Ila bibi huyu mjanja aliliacha begi lake kubwa Fukayosi, asije akalazimika kulibeba tena. Jana asubuhi Mtoro alimwamkia kama kawaida.

"Marahaba, baba," akaitikia. "Jumamosi kanichukulie begi langu."