Viroba Arobaini na Jino la Kaka

Shahada yangu ya uzamili iligharimu viroba arobaini vya mawe na jino moja la mbele la kaka yangu. Nimehesabu mara mbili. Viroba nimeshavisamehe. Jino lilikuwa zima, na hilo bado sijalisamehe.

Miaka ile ya dhahabu huku Tarime, mchimbaji mdogo hakulipwa fedha. Alipewa mgawo wa mawe kutoka kwenye duara, yaani shimo aliloshukia, akayatwanga na kuyaosha mwenyewe au akayauza yakiwa ndani ya kiroba. Kaka aliuza ya kwake nikasome. Ng'ombe wa mahari yangu, mimi dada yake nikiolewa, ndio angeoa nao, lakini mimi nilikuwa chuoni najifunza kutibu meno kwa kufuata ushahidi, na hakuna anayepeleka ng'ombe maktaba.

Tulifundishwa kwamba kabla hujagusa jino ujiulize: huyu ana shida gani, unataka kumfanyia nini, usipomfanyia itakuwaje, na nani amepima akaona faida? Maswali ya sokoni tu. Mimi niliyekua nikibishania bei ya mitumba nilishangaa kwamba kwa hayo mtu anavishwa joho.

Likizo moja nilikuwa nafanya kazi kliniki, pale Bomani. Kaka akaingia na kipande cha dhahabu kwenye karatasi ya sigara.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, daktari. Nifunikie hili la mbele. Mwezi ujao naenda Kisaka kupatana mahari. Nataka nikicheka wakwe wanyamaze."

"Wakiona dhahabu mdomoni watapunguza ng'ombe au wataongeza?"

Akanisogezea ile karatasi. "Wewe funika."

Nikamweleza. Ili nilifunike lazima nilisage, na jino likishasagwa halirudi. Halina tundu, halimuumi. Katika yote niliyosoma sikuona sababu hata moja ya kulisaga.

"Kaka, wewe unanunua kiroba bila kutwanga sampuli na kuiosha kwenye karai?"

"Mimi mjinga?"

"Basi na mimi ndiyo sampuli yangu hiyo. Nimeosha, karai tupu."

Akakunja karatasi yake polepole. "Ada yako niliilipa bila sampuli," akasema, akatoka.

Nilikaa na hilo neno siku nzima, nikiwang'oa watu meno kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Kaka akaenda Sirari kwa fundi mmoja wa barabarani, mtu mwenye tupa, koleo na kioo cha kunyolea. Fundi akapokea dhahabu, akalisaga jino, akalivika kofia ya shaba. Yule kaka anayelamba jiwe na kukwambia limetoka shimo gani hakuuliza kitu. Baada ya wiki mbili ile dhahabu ilikuwa ya kijani na mdomo umevimba kama andazi. Huko Kisaka kaka hakucheka hata mara moja. Wakwe wakamwona kijana mwenye heshima, asiye na maneno mengi, wakampandishia mahari kwa ng'ombe wawili.

Aliporudi Bomani usaha ulikuwa umefika kwenye mfupa. Hapakuwa na la kuokoa. Nililing'oa mimi, kwa mkono uleule alioulipia ada. Nikamtukana fundi, nikamtukana kaka, nikayatukana na makabati ya maktaba, ambayo yalikuwa na jibu la kila jino isipokuwa la mtu anayekudai. Yeye alikuwa na pamba mdomoni, hakuweza kujibu, na hilo nalo lilinikera.

Siku ya tatu alirudi. Akakaa kwenye kiti bila kukaribishwa, akafungua mdomo, akanionyesha pengo kwa kidole.

"Daktari, shida sasa ipo?"

"Ipo."

"Ushahidi unatosha?"

"Unatosha."

"Basi niwekee la dhahabu."

"Dhahabu yako ameila fundi."

"Nani kasema yangu?" Akaegemea, akafumba macho kama mtu aliyelipia. "Ulisoma kwa ya kwangu. Sasa nirudishie, hapa hapa, mbele, kila mtu aone."