Karani na Gitaa la Besi

Karani wa posta pale Matonge, Kinshasa, kila Jumamosi aliipangusa besi yake mpya kwa leso, kisha akamuuliza Nsimba, dada anayepiga besi kanisani: "Yaya, dada yangu, nitaiva lini?"

"Mwaka mzima, ukifanya mazoezi kila siku."

"Mwaka? Mimi miezi mitatu inatosha!" Vidole vyake laini vilikwepa uzi mnene, eti unaumiza. Mwezi wa tatu ulipotimia, akadai apige harusini. Katikati ya mazoezi na bendi ya harusi, Nsimba akachomoa waya wa besi ya karani kwenye spika. Karani hakushtuka, aliendelea kupapasa nyuzi, macho kafumba, kichwa kikiyumba kama nabii. Wimbo ulipokwisha, akajifuta jasho.

"Umesikia ilivyonguruma?"

"Nimesikia, papa. Leo hujakosea hata mara moja."