Wimbo Nilioutunga Juu ya Hamza

Naikumbuka Jumapili moja, mwanangu, ambayo ningekuwa na uwezo ningeiomba isipambazuke. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nakaa Tandika kwa wazazi wangu, najifunza ufundi cherehani barazani kwa mjomba. Lakini kazi yangu kubwa duniani, nikikwambia ukweli, ilikuwa kuipenda timu ya mtaa.

Timu yetu ikiitwa Siafu. Wenzetu wa Mtoni, ng'ambo ya mtaro, walikuwa na timu yao, Pweza. Usiniulize nani alianza uhasama, maana hata waliotutangulia hawakujua. Tulioana, tulizikana, tuliazimana masufuria ya shughuli; ila ikikaribia siku ya Siafu na Pweza, hata mashemeji walipeana mikono kwa ncha za vidole.

Mie sikuwa mchezaji. Miguu yangu ilikuwa ya kukanyagia cherehani tu. Ila nilikuwa na sauti, na Mungu alinijalia kupanga maneno yakakaa vizuri kwenye ngoma. Nyimbo zote za kushangilia za Siafu nilizitunga mie. Nikiinua mkono uwanja unanyamaza, nikiushusha uwanja unaimba. Mwanangu, kijana akipewa kitu kama hicho bila kupewa na akili ya kukibeba, huyo muombee dua.

Rafiki yangu wa kufa na kuzikana alikuwa Hamza, winga wetu wa kushoto. Kwao ilikuwa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mama yake, Bi Mwanaidi, alinilea kama wake. Tukichelewa kutoka madrasa nilikuta sahani yangu imefunikwa kawa kando ya sahani ya Hamza, na wala sikuwahi kuona kwamba hilo ni jambo la kushukuru. Baba yake alikuwa baharia. Hivyo ndivyo mtaa ulivyojua. Bi Mwanaidi alisema mumewe kapata kazi kwenye meli ya mizigo, yuko nchi za mbali, atarudi mkataba ukiisha. Watu waliamini, au niseme waliamua kuamini, maana sie watu wa pwani tunajua kusitiriana.

Ukweli niliujua mie. Tulipokuwa na miaka kumi na minne Hamza alikuja kwetu macho yamemvimba, akanivuta hadi uani. Alikuwa katoka Segerea na mama yake, wamepeleka chakula gerezani. Baba yake alikuwa mlinzi wa ghala fulani. Mzigo ulipotea, na kesi ikamwangukia yeye. Hamza aliniapisha nisimwambie mtu, nami nikaapa. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mie ndiye niliyekuwa kata ya nyumba ile. Miaka minane nilikaa nayo, hata mama yangu mzazi sikumwambia.

Sasa msimu ule kocha wetu akaanza kumweka Hamza benchi. Wenzetu wa Mtoni wakamfuata, wakamwahidi kumtafutia kazi kwenye karakana ya kuchomelea vyuma. Siku ya Ijumaa, narudi kutoka Kimara kwa shangazi, nikasikia kijiweni, tena kwa watu baki, kwamba Hamza kaenda Pweza na Jumapili atavaa jezi yao. Kilichoniuma, mwanangu, si yeye kuhama. Kilichoniuma ni kuambiwa na watu wengine. Nilijiona nimedharauliwa. Ningeweza kutembea hatua hamsini nikamuuliza, "Vipi, mbona hukuniambia?" Sikwenda. Jumamosi nikakaa kwenye cherehani nashona bendera za Siafu, na huku nashona, maneno yakaanza kuja yenyewe. Yalikuwa haya:

*Baba kasafiri, kapanda meli,*
*meli gani hii haina bahari?*
*Imetia nanga Segerea!*

Nilipoyamaliza nilicheka peke yangu. Kisha nikajiambia sitayaimba, ni ya kujitoa hasira tu. Ukisikia moyo wako unakwambia hivyo, jua umeshaiwasha njiti na unatafuta pa kuitupia.

Jumapili uwanja ulijaa hadi watu wakapanda kuta za nyumba za jirani. Upande wa Mtoni, katikati ya wanawake, nilimwona Bi Mwanaidi. Hakuwa mtu wa mpira kabisa. Alikuja kwa sababu mwanawe anaanza timu mpya na hakutaka awe peke yake. Nilimwona, mwanangu. Sitakudanganya kwamba sikumwona.

Dakika za mwanzo tu Hamza akatufunga. Hakushangilia, alirudi katikati ya uwanja kichwa chini. Leo najua ile ilikuwa heshima kwetu. Siku ile niliona anatubeza. Wenzetu wa Mtoni wakaruka, wakatucheka, mmoja akanionyesha kidole: "Mtunzi, leo umekaukiwa?" Nikainua mkono. Watu wangu wakanyamaza. Nikaimba ule wimbo mara moja, peke yangu, taratibu, ili kila neno lisikike.

Mara ya pili waliupokea watu kumi. Mara ya tatu uliimbwa na upande mzima, na ngoma ikaukalia kama umezaliwa nayo. Wengi hawakujua maana yake. Waliojua kidogo wakawaeleza wasiojua, na mie nikiangalia ile habari inavyopita, kutoka sikio hadi sikio, kama moto wa makuti.

Hamza alikuwa na mpira mguuni. Aliuacha. Ukamtoka taratibu hadi nje ya mstari, naye kasimama anautazama upande wetu, ananitafuta. Aliponiona hakunitukana wala hakunitishia. Aliniangalia tu kama mtu anayehakikisha sura. Bi Mwanaidi alijifunika khanga kichwani, akapita katikati ya watu, nao wakampisha. Sijawahi kuona watu wanampisha mtu kwa namna ile, labda wanapopisha jeneza.

Tulishinda mbili kwa moja. Nikabebwa juu juu.

Mzee aliyekuwa akitupigia mistari ya chokaa uwanjani, jina lake Mzee Kondo, alinisubiri hadi nikashushwa. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alinishika mkono, mkono wake umejaa chokaa, akasema, "Yale maneno uliyatoa wapi?"

"Ni utani tu, mzee. Utani wa mpira."

"Sikuulizi kama ni utani. Nani alikwambia?"

Nikaanza kuifuta ile chokaa mkononi.

"Basi aliyekwambia alikuamini," akasema. "Nenda kwa yule mama sasa hivi, kabla hajajifungia ndani. Nenda na jasho lako hilohilo. Ukisubiri uoge, utakuwa umeshapata sababu ya kutokwenda."

Nikamjibu, "Nitakwenda, mzee." Nikaenda kuoga. Na kweli, nikapata sababu.

Kesho yake niliona haya. Kesho kutwa nikasema acha wapoe. Wiki ilipopita nikasema nikienda sasa nitatonesha kidonda. Mwanangu, haya ya kuomba radhi ni kama mzigo wa kuni ulioachwa nje: kadiri unavyochelewa kuunyanyua, ndivyo mvua inavyozidi kuunyeshea. Hamza hakurudi uwanjani tena, si kwetu wala Mtoni. Tukikutana njiani alivuka upande wa pili. Bi Mwanaidi aliacha kuhudhuria shughuli za watu. Wimbo nao ukapendwa. Ukawa wa harusi, ukawa wa jandoni, mwisho ukawa wa watoto wa kike wa kurukia kamba, ambao Segerea kwao lilikuwa neno zuri la kutulia mwishoni.

Miezi saba baadaye nilikuwa barazani nashona sketi za shule. Mtu mzima mmoja akaja na njia, mwembamba, kashika mfuko wa kitambaa, shati lake limekunjwa mikunjo ya kukaa muda mrefu bila kuvaliwa. Alikuwa akiangalia nyumba kama anazihesabu. Mbele ya baraza watoto wanne walikuwa wanaruka kamba. Akasimama. Wakaimba wimbo wote, wakaurudia. Alisimama mpaka mwisho.

Kisha akanigeukia. Mie nikamjua, kwa mdomo ule na masikio yale. Alikuwa Hamza aliyezeeka. Yeye hakunijua, maana aliniacha mtoto.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, kijana. Habari za hapa?"

"Nzuri. Karibu."

"Ahsante." Akawatazama wale watoto. "Huu wimbo wanaoimba hawa, umetoka wapi?"

Mlango wa kuomba radhi, mwanangu, Mungu aliufungua akanishikia. Nilikuwa na sindano mkononi. Nikasema, "Sijui, mzee. Nyimbo za watoto tu."

Akatikisa kichwa polepole. "Wana sauti nzuri," akasema. Akaniuliza nyumba ya Bi Mwanaidi, kama bado ni ileile yenye ngazi mbili. Nikamwonyesha kwa kidole. Nikamtazama anavyokwenda, anatembea karibu na ukuta.

Bi Mwanaidi alikuwa amemwandalia mumewe mahali pa kurudi. Miaka yote ile ya kusema meli, meli, alikuwa anamjengea mlango wa kuingilia mtaani kichwa juu, kama mtu aliyetoka safari. Mie niliubomoa kwa mistari mitatu. Hawakumaliza mwezi. Waliuza kitanda na kabati, wakahamia Tegeta kwa ndugu yao, na hawakumuaga mtu.

Nilikaa miaka kumi na moja. Nikaoa, nikazaa, nikafungua duka langu la ushonaji, na kila binti yangu alipochukua kamba niliingia ndani. Ndipo siku moja mke wangu, ambaye nilikuwa nimemsimulia, akaniambia, "Mume wangu, hili jambo litakuzika. Nenda." Nikaenda Tegeta, nikaulizia karakana za kuchomelea, ya nne ndiyo ikawa yake.

Hamza alikuwa amenenepa, ndevu zimeanza mvi. Alivua miwani ya kazi, akaniletea kigoda na maji ya kunywa. Nilimwambia yote, pamoja na lile la baba yake barazani, ambalo hakuna mtu aliyelijua. Alisikiliza hadi mwisho.

"Siku ile ya Ijumaa nilikuja kwenu," akasema. "Nilitaka uwe wa kwanza kujua. Nikaambiwa umekwenda Kimara kwa shangazi yako. Nikaacha salamu."

Salamu hizo sikupewa, na sikuwahi kuuliza.

"Mama alikusamehe," akaendelea. "Alifariki mwaka juzi. Alikuwa akisema wewe ni mtoto, ulikosa adabu siku moja. Mie sijakusamehe, sitaki nikudanganye. Labda itakuja, labda haitakuja. Lakini nimefurahi umekuja."

Nikamuuliza habari za baba yake.

"Alitangulia kabla ya mama. Unajua alikuwa anakusifu? Alisema siku aliyorudi mtaani hakuna aliyemtazama usoni, isipokuwa kijana mmoja fundi cherehani, alimwamkia vizuri na kumwonyesha nyumba. Kila mara alikuwa akimkumbuka yule kijana. Mie nilijua ni nani. Sikumwambia kwamba ndiye mwenye wimbo." Akaivaa miwani yake. "Niliona amebakiwa na mtu mmoja tu mwema Tandika, kwa nini nimnyang'anye?"

Mwanangu, mie siri yake niliitoa uwanjani kwa sababu ya goli moja. Yeye yangu aliitunza hadi baba yake akaingia kaburini bila kuijua. Nilirudi nyumbani siku ile nikashindwa kula. Hamza tunasalimiana siku hizi, sikukuu nampigia simu na yeye anapokea. Hatujawahi tena kuwa marafiki. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole nimejikwaa mara nyingi, na makovu yote yamefutika.

Nakueleza haya kwa sababu naona nyie wa leo mna viwanja mfukoni. Sie wimbo ulihitaji ngoma na watu mia. Nyie mnatia sauti kwenye simu, na kabla chai haijapoa imefika Kimara na Mbagala. Penda timu yako, mwanangu, sikukatazi. Piga ngoma, vaa rangi zake, mtanie mwenzio magoli aliyofungwa mpaka akose pa kukimbilia. Kesho atakutania wewe. Lakini utani uishie kwenye mstari wa chokaa. Mama wa mtu, ugonjwa wake, umaskini wa kwao, kifungo cha baba yake, hivyo si mpira. Na kile rafiki alichokwambia huku analia, siku mkikosana ndiyo siku ya kukifunga zaidi, kwa sababu hapo ndipo kinapokuwa amana kweli. Ukikosea, kwani utakosea, nenda kaombe radhi na jasho lako mwilini. Usioge kwanza.

Mola akupe ulimi unaojua kusubiri, akupe marafiki wa kukuamini na kifua cha kuwahifadhi. Akulinde na ushindi utakaokuja kuulilia. Na watoto wako wakicheza barazani, akujaalie uwe na wimbo wa kuitikia pamoja nao. Amina.